Kisomaji cha kwanza kwa mpenzi wa vitabu vya karatasi: chagua duka kabla ya skrini

Mpenzi wa vitabu akitangaza kwamba anataka kununua kifaa cha kusomea, hupata ushauri wa aina mbili. Wapo watakaomwambia simu aliyonayo inatosha, ya nini kupoteza fedha? Wapo pia watakaomwuliza, kwa sauti ya msibani, kama ameamua kuvisaliti vitabu vyake. Katikati husimama wauzaji na orodha zao za inchi, pikseli na gigabaiti, na orodha hizo hulifanya jambo dogo lionekane kubwa huku jambo kubwa likipita bila kutajwa.

Jambo lenyewe ni hili: ukichagua kisomaji, umechagua pia duka ambalo huenda ukanunulia vitabu kwa miaka mingi ijayo. Skrini ndiyo inayobishaniwa zaidi, ilhali ndiyo isiyotofautiana sana kati ya kifaa na kifaa.

Tuanze na majina, maana vurugu nyingi huanzia hapo. Kitabu pepe ni faili: maneno ya mwandishi, jalada na orodha ya yaliyomo, vyote vimehifadhiwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuvifungua. Kisomaji, katika makala haya, ni kifaa kilichoundwa mahususi kwa kazi ya kusoma faili hizo, chenye skrini ya wino wa kielektroniki. Programu ya kusomea ni ile unayoiweka kwenye simu, tableti au kompyuta ili ufungue vitabu vilevile. Halafu kuna duka, mahali faili inaponunuliwa. Hivyo ni vitu vinne, lakini kampuni kubwa zimependa kuvipa jina moja. Kindle ni kifaa, ni programu, na ni duka la Amazon. Kobo nayo ni hivyohivyo. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia "nasomea Kindle" akiwa ameshika simu, na mwingine ataapa kwamba hana Kindle ilhali vitabu alivyonunua Amazon vimejaa kwenye tableti yake.

Skrini isiyowaka

Skrini ya simu ni taa. Mwanga wake hutoka ndani na kukujia machoni, na ukiizima hakuna kinachobaki. Skrini ya wino wa kielektroniki, yenyewe, haitoi mwanga wowote. Ndani yake kuna vidonge vidogo mno, kila kimoja kikikaribia upana wa unywele mmoja wa binadamu, vilivyojaa majimaji angavu na chembe za rangi mbili: nyeupe zenye chaji ya aina moja, nyeusi zenye chaji iliyo kinyume chake. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja huvutwa juu na zile nyingine husukumwa chini. Palipo na chembe nyeusi juu huonekana nukta nyeusi, na nukta zikijipanga zinakuwa herufi. Unaziona kwa mwanga unaozipiga kutoka nje, uwe wa jua au wa taa ya chumbani, sawasawa na wino wa karatasini.

Chembe zikishatulia mahali pake, hazihitaji umeme ili zibaki hapo. Umeme mwingi hutumika pale ukurasa unapobadilika tu. Karibu kila sifa na kila kasoro ya kisomaji inatokana na jambo hilo moja. Betri hudumu kwa muda mrefu kwa sababu ukurasa uliotulia hauli umeme. Juani maandishi hukolea badala ya kufifia. Kifaa kikizimwa, picha ya mwisho huendelea kuonekana, jambo linalowafanya wanunuzi wengi wapya wadhani kimeganda. Na kwa kuwa chembe lazima zisafiri ndani ya majimaji, skrini ni nzito kubadilika: ukigeuza ukurasa unaweza kuona mweko mfupi wa weusi, na mara nyingine kivuli cha ukurasa uliopita hubaki nyuma ya ule mpya. Kutazama video humo ni mateso. Kwangu mimi hiyo ni sifa. Kifaa kinachofanya vibaya kila kitu isipokuwa kusoma kinamwacha msomaji asome.

Teknolojia hii ilizaliwa katika maabara ya MIT Media Lab nchini Marekani, mikononi mwa mwanafizikia Joseph Jacobson na wanafunzi wawili, Barrett Comiskey na JD Albert, na mwaka 1997 ikaanzishwa kampuni ya E Ink. Sony ilitoa kisomaji cha kwanza cha kibiashara chenye skrini hiyo, Librié, nchini Japani mwaka 2004. Novemba 2007 Amazon ikaingiza Kindle sokoni kwa dola 399. Mwaka 2009 E Ink ikanunuliwa na kampuni ya Taiwan ambayo baadaye ilichukua jina hilohilo, na leo karibu visomaji vyote unavyoviona, viwe Kindle, Kobo, PocketBook au Boox, vinatumia skrini zake. Kwa hiyo anayekesha akilinganisha maandishi ya kampuni hii na ya ile, mara nyingi analinganisha kazi ya mtengenezaji mmoja.

Tofauti za skrini zipo, lakini zinaelezeka kwa sentensi chache. Kiwango cha kawaida sasa ni pikseli 300 kwa inchi, na hapo jicho halitofautishi nukta zinazounda herufi. Vifaa vya zamani na vya bei ya chini vinaweza kuwa na 212 au hata 167. Vinasomeka, ila herufi ndogo huonekana kama zimekwaruzwa. Ukipata 300, suala la pikseli limekwisha.

Rangi ni suala jingine. Skrini ya rangi iliyoenea zaidi, inayoitwa Kaleido 3, huonyesha maandishi meusi kwa pikseli 300 lakini rangi kwa 150 tu. Pia huwekewa tabaka la vichujio juu ya wino, na tabaka hilo hula sehemu ya mwanga, hivyo "nyeupe" yake inaelekea kijivu. Kwa katuni, ramani na majalada ina raha yake. Kwa anayesoma riwaya tu, atalipa zaidi apate ukurasa ulio mweusi-mweusi kidogo kuliko wa kifaa cha bei ndogo.

Macho, usingizi na betri

Kuna imani kwamba kisomaji hulinda macho kwa sababu hakina mwanga kabisa. Ilikuwa kweli kwa visomaji vya mwanzo. Tangu mwaka 2012 hivi vingi vimewekewa taa ndogo pembezoni mwa skrini, zinazomwaga mwanga juu ya ukurasa kutoka mbele. Hazikumuliki machoni moja kwa moja kama simu, lakini mwanga ni mwanga, na unaweza kuuzima wakati wowote.

Habari kwamba mwanga wa buluu wa skrini huharibu macho imevuma kuliko ushahidi wake. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mwanga wa vifaa hivi unaharibu jicho. Uchovu unaousikia baada ya saa nyingi hutokana zaidi na kutopepesa macho vya kutosha na kukazia kitu cha karibu kwa muda mrefu. Vifaa vingi vya sasa hukuruhusu kubadilisha mwanga kutoka mweupe kwenda wa rangi ya kaharabu. Ukisoma usiku, utaupenda. Upendezwe nao basi, bila kuulipia kana kwamba ni dawa. Msaada wa kweli kwa macho ni mwingine, na wauzaji huutaja mwishoni kana kwamba ni kitu kidogo: ukubwa wa herufi. Mtu aliyeacha kusoma kwa sababu herufi za vitabu zimekuwa ndogo kwake anaweza kurudia kitabu chochote kwa herufi anazozitaka, bila kusubiri mchapishaji atoe toleo la maandishi makubwa.

Kuhusu betri, tangazo husema wiki sita. Maelezo madogo chini ya tangazo husema hesabu hiyo ni ya nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Nusu saa kwa siku 42 ni saa 21. Ni nyingi, simu yako haifiki huko, lakini mla vitabu anayesoma saa tatu kwa siku atachomeka kebo baada ya wiki moja.

Ulichonunua ni nini

Hapa ndipo mpenzi wa karatasi anapaswa kukaa kitako. Mazoea yake yote yamejengwa juu ya jambo ambalo hajawahi kulifikiria: kitabu akishakilipia ni chake. Humwazima rafiki, hukiuza, hukirithisha, huandika pembeni mwa kurasa zake, na duka alilokinunua linaweza kufungwa kesho bila kitabu hicho kupata habari. Vitabu pepe vingi haviko hivyo.

Kwanza, faili zina aina tofauti. Nyingi ni majina tu, tatu ndizo muhimu. PDF huhifadhi ukurasa mzima ulivyopangwa kwa ajili ya kuchapwa: mstari unakatika palepale, picha iko palepale. EPUB huhifadhi maneno na mpangilio wake, kisha huiachia mashine iamue mstari ukatike wapi. Maji hufuata umbo la chombo. Maandishi ya EPUB hufuata upana wa skrini na ukubwa wa herufi uliouchagua. PDF ni barafu: ukurasa ulioandaliwa kwa karatasi pana hauingii kwenye skrini ya inchi sita mpaka uusinyaze hadi usisomeke, au uusogeze huku na huku kama unayesoma kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Wanafunzi na watafiti wanaonunua kisomaji kidogo kwa ajili ya PDF ndio wanaojuta haraka kuliko wote. Wao wanahitaji skrini ya inchi 10 au zaidi, au wabaki na tableti.

EPUB ilianza kutumika kwa jina hilo mwaka 2007 na sasa iko chini ya W3C, shirika lilelile linalosimamia kanuni za wavuti. Haimilikiwi na duka lolote. Kobo, PocketBook na wengine wengi huifungua moja kwa moja. Amazon ina aina zake za faili, na Kindle haifungui EPUB iliyochomekwa kwa kebo. Hata hivyo, tangu mwaka 2022 huduma yake ya kutuma vitabu kwenye Kindle hupokea EPUB na kuigeuza, mradi isiwe na kufuli.

Kufuli hiyo ndiyo chanzo kingine cha mkanganyiko, tena kizito kuliko aina za faili. Wachapishaji wengi huweka ulinzi wa kidijitali kwenye faili ili isinakiliwe ovyo. Matokeo yake, kitabu kilichonunuliwa Amazon chenye kufuli hufunguka kwenye Kindle na programu za Kindle tu. Kitabu cha Kobo chenye kufuli ya kampuni ya Adobe kinaweza kuhamia kwenye vifaa vingine vinavyoikubali Adobe, kama PocketBook, lakini si kwenye Kindle. Ukinunua vitabu hamsini upande mmoja kisha ukapenda kifaa cha upande wa pili, hamsini hivyo havitahama nawe. Si wachapishaji wote wanaofunga: Tor, mchapishaji mkubwa wa riwaya za kubuni sayansi, aliondoa kufuli kwenye vitabu vyake pepe mwaka 2012 na bado anavichapa. Kurasa za baadhi ya vitabu dukani hueleza kama faili imefungwa; sentensi hiyo ndogo inastahili kusomwa kuliko sifa zote za jalada.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya wasiwasi tu. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Kwamba miongoni mwa vilivyofutwa kilikuwamo *1984*, riwaya ya serikali inayofuta maandishi isiyoyataka, kati ya vitabu vyote duniani, ni mzaha ambao hakuna mwandishi angethubutu kuubuni. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe. Wateja walirudishiwa fedha, vitabu vikazimika. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua na kuvihamisha kwa kebo. Na tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni.

Leseni, basi, ndilo jibu. Kwa kawaida unalipia ruhusa ya kusoma, iliyofungwa kwenye akaunti yako, isiyouzwa wala kurithishwa. Kwa riwaya ya kusoma mara moja na kuisahau, mimi sioni tatizo lolote. Kwa kitabu ambacho ungependa mwanao akikute rafuni, nunua karatasi. Huo si ugomvi kati ya zama mbili. Ni kujua unalipia nini.

Upande wa pili wa sarafu una raha zake. Kazi ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha hupatikana bure na bila kufuli. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, kabla hata kompyuta hazijaingia majumbani, ina vitabu zaidi ya 70,000. Standard Ebooks huchukua kazi za namna hiyo na kuzipangia upya kwa uangalifu unaomfurahisha mtu anayejali sura ya ukurasa. Ipo pia calibre, programu ya bure ya kompyuta aliyoianzisha Kovid Goyal, ambayo hupanga maktaba yako na kugeuza faili zisizo na kufuli kutoka aina moja kwenda nyingine. Mwenye calibre na faili zisizofungwa hafungwi na kampuni yoyote.

Maktaba za umma nazo huazimisha vitabu pepe, nyingi kupitia huduma ya OverDrive na programu yake ya Libby. Hapa kuna mtego. Visomaji vya Kobo vina OverDrive ndani yake, na unaweza kuazima palepale kwenye kifaa kama maktaba yako imejiunga. Kindle hupokea vitabu vya OverDrive kutoka maktaba za Marekani pekee. Mtu aliyesoma sifa za Kindle katika magazeti ya Marekani anaweza kuinunua akiwa nchi nyingine kwa ajili ya huduma ambayo kwake haipo. Ni hivyohivyo kwa maduka: unachokiona hutegemea nchi ya akaunti yako, na kitabu kinachouzwa nchi moja kinaweza kukosekana jirani kwa sababu ya mikataba ya wachapishaji.

Unasoma nini?

Visomaji vilitengenezwa kwa kitabu cha namna moja: maneno mengi, picha chache, mwendo wa kutoka mwanzo hadi mwisho. Riwaya, wasifu, historia inayosimuliwa. Hapo ni vigumu kuvilaumu. Kitabu cha kurasa 900 kina uzito uleule wa hadithi fupi, na ukikutana na neno usilolijua unaligusa, maana yake inajitokeza, mradi kamusi ya lugha hiyo imo kwenye kifaa. Usidhani imo, kamusi hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni, na lugha zenye wasemaji wengi zinaweza kuachwa nje.

Mashairi yanaumia. Mshororo una urefu aliouamua mtunzi. Ukiongeza ukubwa wa herufi kwenye skrini ya inchi sita, shairi la tarbia huvunjika: ukwapi unakaa juu, utao unadondokea mstari wa pili, na ubeti wa mishororo minne unageuka kuwa wa minane isiyo na umbo. Mizani ipo ukisoma kwa sauti, lakini jicho halioni tena vina vilivyosimama safu moja. Kupunguza herufi au kulaza kifaa ubavu husaidia kiasi. Diwani, kwa maoni yangu, zibaki kwenye karatasi.

Vitabu vya kurukaruka vinaumia pia: vya marejeo, vya masomo, vyenye majedwali, vyenye maelezo marefu mwishoni unayoyarudia kila mara. Mikono inajua kitabu cha karatasi kwa namna yake. Kidole kimewekwa kwenye ramani, kingine kwenye sura unayosoma. Unakumbuka kwamba sentensi unayoitafuta ilikuwa upande wa kushoto, chini, robo ya kitabu ikiwa imebaki. Kisomaji hukupa asilimia na kisanduku cha kutafutia. Kutafuta neno ni haraka mno kama unalikumbuka. Kama unachokumbuka ni mahali tu, umepotea.

Utafiti una jambo la kusema hapa, ingawa hutajwa vibaya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Pablo Delgado na wenzake, uliokusanya tafiti 54, ulionyesha kwamba watu huelewa vizuri zaidi kidogo wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa matini ya maarifa na hasa wakiwa na muda mfupi. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Wapo wanaoyatumia matokeo hayo kuwakataza watu visomaji, ingawa "skrini" humo ni pamoja na kompyuta. Utafiti ulio karibu zaidi na swali letu ni wa Anne Mangen wa Norway na wenzake, uliotoka mwaka 2019: waliwapa watu hadithi ileile ndefu, wengine kwa kitabu, wengine kwa Kindle. Uelewa wao ulikaribiana katika mengi. Walipotofautiana ni kwenye mpangilio wa matukio, lipi lilitangulia lipi, na hapo waliosoma karatasi walifanya vizuri zaidi. Mpenzi wa karatasi aliyekuwa akisema "nahisi nimepotea humu ndani" hakuwa akideka.

Na hofu kwamba visomaji vitaviua vitabu? Kindle ya kwanza ilitoka 2007. Hata Marekani, soko lake la nyumbani, vitabu vilivyochapwa bado huuzwa zaidi ya vitabu pepe.

Yaliyobaki ni ya mikono

Ukishajua duka na aina ya vitabu, mengine ni mepesi. Inchi sita huingia mfuko wa koti na hushikika kwa mkono mmoja. Kindle ya kawaida ya mwaka 2022 ina gramu 158. Inchi saba hukaribia ukurasa wa riwaya ya jalada jepesi, na wengi waliozoea karatasi hujisikia nyumbani hapo. Vitufe vya kugeuzia kurasa ni raha ambayo huwezi kuielewa mpaka uitumie ukiwa umelala ubavu, lakini Amazon imeacha kutengeneza Kindle zenye vitufe; Kobo bado inavyo kwenye Libra, na PocketBook kwenye baadhi ya vifaa vyake. Kinga ya maji ni nzuri kwa anayesoma bafuni. Nafasi ya kuhifadhi usiilipie ziada: riwaya ya maneno matupu mara nyingi haifiki megabaiti chache, hivyo gigabaiti 16 hubeba maelfu, na utaijaza kwa katuni au vitabu vya kusikiliza tu.

Fedha ya ziada iweke kwenye jalada la kukingia. Nyuma ya wino wa skrini nyingi kuna kioo chembamba, hata pale umbo la nje lilipo la plastiki, na kioo hicho hupasuka kwa kukandamizwa ndani ya begi kuliko kwa kuanguka. Ufa wenyewe huuoni. Unaona mistari isiyofutika.

Vipo pia visomaji vinavyotumia mfumo wa Android, kama vya Boox, ambavyo hukuruhusu kuweka programu za Kindle, Kobo na nyinginezo kwenye kifaa kimoja. Kinadharia, hilo linamaliza ugomvi wote wa maduka. Kwa vitendo, unarudishiwa mipangilio mingi, betri inayoisha mapema na arifa zilezile ulizokuwa ukizikimbia. Anayefurahia kuchezea mitambo atakipenda. Kama kifaa cha kwanza cha mtu ambaye raha yake ni kufungua ukurasa na kunyamaza, nisingekipendekeza.

Kabla ya kulipa, andika majina kumi ya vitabu unavyotaka kusoma mwaka huu. Vile hasa unavyovitaka, kwa lugha unazosomea, siyo vile vinavyosifiwa na kila mtu. Vitafute katika kila duka kwa akaunti ya nchi yako, kisha uangalie kama maktaba yako inavyo. Weka programu za bure za maduka hayo kwenye simu na usome sampuli. Kwa karibu kila kitabu, duka hukupa kurasa za mwanzo bila malipo. Skrini ya simu itakuchosha, lakini utajua kama vitabu vyako vipo, na upande gani. Ikiwa vingi havipo popote, kisomaji kinaweza kusubiri.

Ukiamua kununua kilichotumika, jambo ambalo kwa kifaa cha kwanza ni la busara maana skrini hizi hazichakai haraka, angalia mawili. Umri wake kwanza: mwaka 2022 Amazon iliondoa uwezo wa kununua vitabu moja kwa moja kwenye baadhi ya Kindle za zamani, zikabaki kusoma vilivyokwisha kuwekwa au vilivyotumwa kwa njia nyingine. La pili ni akaunti. Muuzaji aiondoe yake mbele yako, kifaa kiwashwe upya, uingize yako na ufungue kitabu kimoja kabla fedha haijatoka mfukoni. Akisema atakutumia nywila baadaye, kiache.